Mama Kilo na Chatu Aliyekonda

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, maana sijui, na miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta pale Kashikishi, kando ya ziwa Mweru, sikuona haja ya kuuliza. Watu wote walimwita Mama Kilo. Alipima watoto. Kila Jumatano mizani ilitundikwa kwenye boriti ya kibanda cha kanisa, akina mama wakajipanga, na watoto wakatiwa mmoja mmoja ndani ya kisuruali cha kitambaa chenye ndoano, wakabembea hewani miguu ikining'inia, wengine wakilia, wengine wakilishangaa ziwa. Yeye alingoja mshale utulie, kisha akasoma kwa sauti. Kazi hiyo huku wanaiita andafaivu, yaani ya watoto wa chini ya miaka mitano. Hakuajiriwa na mtu, alijitolea tu, na kliniki ilimwachia mizani aitunze nyumbani kwake.

Nikimkumbuka namwona katika asubuhi zile za Mweru ambazo maji na mbingu vinakuwa rangi moja, hujui kimoja kinaishia wapi. Kibanda kilikuwa wazi pande zote. Ukisimama kwa nyuma ulidhani watoto wananing'inia juu ya ziwa lenyewe, na mwanamke mfupi mwenye kitenge cha kijani anawashusha mmoja mmoja kutoka mbinguni. Mimi ni Mkongo wa Pweto, nilivuka na biashara ya chisense, dagaa wadogo wa ziwa letu, na nilikuwa na depo ya kuwahifadhia. Sikuwa na mtoto wa kupima. Lakini Jumatano nilikuwa naenda pale kukaa tu, nitazame.

Alikuwa na jicho la mizani. Kabla hujamaliza kusalimia alikuwa ameshakupima. Nilirudi siku moja kutoka ng'ambo, mguu mmoja bado umo ndani ya mtumbwi, akaniambia, "Umepunguza kilo tatu, mwana wandi. Kule Kongo habakulaka?" Yaani mwanangu, kwenu watu hawali? Niliudhika. Jioni nilijipima kwenye mizani ya magunia pale depo, nikakuta ni tatu kweli.

Yeye ni Mbemba, na Kiswahili alikiokota kwetu wanawake wa Kongo, kwa sababu alisema mtoto wa mtu huwezi kumpima kama huwezi kumwambia mama yake maneno mawili ya maana. Alikiokota na takataka zake zote. Alisema "bon", haya ya Kifaransa, kuliko Mkongo yeyote ninayemjua. Wanaume wakimcheka alikuwa anawajibu kwa Kibemba, na hapo waliacha kucheka.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Alihubiri chakula mchana kutwa na yeye mwenyewe alikula amesimama, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri gari. Aliimba sauti ya pili kanisani, lakini sala ikizidi urefu alikohoa mpaka mchungaji aseme amina. Aliogopa vyura. Chura akiruka uani alipanda juu ya kinu akaniita, "Kuya, kuya mbio!" na mimi nilikwenda na ufagio huku nikifa kwa kicheko. Na huyo huyo ndiye aliyeishi na chatu.

Kabla ya kumgusa mtoto yeyote alisugua viganja mpaka vipate moto. Hata jua likiwaka namna gani, alisugua. Kwa akina mama wenye watoto waliokonda alikuwa na wimbo mmoja tu: uji kidogo, mara nyingi. Usimjaze mtoto kwa siku moja. Kidogo asubuhi, kidogo saa nne, kidogo mchana, kidogo tena. Nimeusikia wimbo huo mara nyingi mno, mpaka nimewahi kumwambia mteja wa dagaa "kidogo, mara nyingi," akanishangaa.

Chatu aliletwa na muuza dawa. Alikuwa mtu wa kupita, mwenye kipaza sauti na koti la suti kwenye joto lile, akisimama sokoni na nyoka shingoni ili watu wakusanyike. Alipanga chumba nyuma ya ukuta wetu. Asubuhi moja alivuka ziwa na hakurudi, na baada ya siku nyingi mwenye chumba akasikia kitu kinakwaruza ndani ya sanduku la mbao lililoachwa. Wanaume walikuja na mafuta ya taa. Mama Kilo alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani.

"Muchome nini?" aliuliza. "Mufungue nione kwanza."

Walifungua, wakarudi nyuma wote. Nyoka alikuwa mrefu kama kasia na mwembamba kuliko inavyopasa, uti wa mgongo umesimama kama paa la nyumba, ngozi imelegea mikunjo mikunjo pembeni. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa. Nyuzi tatu za nailoni ya bluu, ile ile ya nyavu zetu. Mama Kilo alitua ndoo, akasugua viganja.

"Huyu ni mutoto," alisema. "Ni mulefu, lakini ni mutoto. Kilo mbili na nusu, na alipashwa kuwa na tano."

Nilimvuta pembeni. Anayeishi mkoa huu wa Luapula anajua maana ya kufuga nyoka. Watu wana habari ya ilomba, nyoka wa kichawi anayekaa ndani ya nyumba ya mtu na kula nguvu za majirani ili mwenye nyumba anawiri. Nilimwambia, "Ba mayo," yaani mama, "hapa watasema ni ilomba."

"Ilomba anakulaka kivuli ya batu," alinijibu. "Huyu kama angekula hata kivuli, angenona."

Alimbeba nyumbani kwenye beseni kubwa la samaki. Alikata zile nyuzi kwa wembe, akimshika shingo kati ya vidole viwili, mimi nikishika taa ya simu na roho yangu ikiwa mlangoni. Alimsafisha mdomo kwa maji ya chumvi. Kisha akaweka bakuli la maji, na nyoka akatia kidevu ndani, akakiacha hapo. Mashavu yakawa yanacheza taratibu. Alikunywa kwa muda mrefu sana. Nakumbuka nilitamani asimalize.

Kumlisha ndiko kulikokuwa kazi. Kwanza alimpa samaki, maana wilaya yetu nzima ya Nchelenge inakula samaki, na yeye hakuona kwa nini mgeni huyu abague. Nyoka alikataa chisense, alikataa kambale, alikataa hata kipande cha samaki mkubwa ambacho mimi nilikimezea mate. Ndipo ikabidi panya. Panya walikuwa kwangu. Depo ya dagaa haikosi panya, nilikuwa nimepigana nao miaka yote, na sasa kila asubuhi nilimpelekea mateka wangu kwenye kopo. Panya wa kwanza alikataliwa. Wa pili Mama Kilo alimpasha moto juani juu ya bati, akamsogeza kwa kijiti, polepole, kama anayetembea. Nyoka alitoa ulimi. Alitoa tena. Kisha akamchukua kwa ghafla, na wote wawili tulipiga kelele, mimi kwa woga na yeye kwa furaha.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa sababu ya wema wake wote. Alimlisha kama alivyofundisha akina mama. Kidogo, mara nyingi. Kapanya kadogo kila siku. Na kila alipomaliza kumlisha alimtia ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa, akautundika mfuko kwenye ndoano ya mizani, asome ameongeza nini. Siku ya tano nyoka alitapika vyote. Alipumzishwa kidogo, akalishwa tena vile vile, akapimwa tena vile vile, akatapika tena. Ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa baridi unatoka ziwani, na yule nyoka alikuwa amepungua kuliko siku alipotoka kwenye sanduku. Kilo mbili na gramu mia moja.

Nilimkuta ameketi chini kando ya beseni, miguu imenyooshwa. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Ninamuua," alisema. "Miaka yote nafundisha bamama, na huyu ninamuua na mafundisho yangu."

Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Alifanya jambo gumu kuliko yote niliyowahi kumwona akifanya, yaani hakufanya kitu. Alizungushia beseni chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa, akalifunika kwa chandarua cha mbu, akaweka maji ya kunywa, akakaa. Siku tisa hakumlisha. Hakumshika, hakumpima. Mikono yake ilihangaika, ilichambua mchele usio na mawe, ilishona vifungo visivyokatika. Nilikuwa nikienda kukaa naye mchana. Chumba kilikuwa na joto na kimya, mwanga ulipita kwenye chandarua ukawa mweupe, na nyuma ya weupe ule nyoka alikuwa amelala, akipumua mara moja kwa muda ambao mimi nilipumua mara nyingi. Nilisinzia pale kuliko nilivyowahi kusinzia kitandani kwangu. Siku ya kumi alimpa kapanya kamoja. Hakutapika. Akangoja siku kumi nyingine, akampa kakubwa kidogo.

"Huyu anataka mara moja, halafu umuache," aliniambia kwa mshangao, kama mtu aliyegundua kwamba kuna nchi ambako jua linachomoza magharibi. "Umuache kabisa, mwana wandi. Hata kumuangalia, usimuangalie sana."

Mwezi wa kumi na mbili ziwa lilifungwa kwa wavuvi, kama linavyofungwa kila mwaka ili samaki wazae. Depo yangu ikabaki na harufu tu. Ni miezi ya njaa kidogo kwa kila nyumba, na Jumatano mshale wa mizani huwa unarudi nyuma. Kulikuwa na Nampundu, yaani mama wa mapacha, mwanamke kijana wa kando ya barabara ya Puta. Pacha mmoja alikuwa anaendelea vizuri. Mwingine, wa kike, alikuwa ameanza kukonda, na Mama Kilo alimwambia mama yake amlete kila wiki bila kukosa. Nyoka naye wakati ule alikuwa amefika kilo tatu na nusu, akimeremeta.

Sasa nifike kwangu. Wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mchanga wa kuanikia, hatuna cha kuanika, tunachezesha midomo. Niliwaambia habari ya nyoka. Nilitaka kuwachekesha, na mimi nikianza kuchekesha watu sijui pa kukomea. Niliwaigizia Mama Kilo akimtundika nyoka, nikaigiza nyoka akibembea, nikasema, "Anamuvalisha kisuruali ya batoto, anasoma kilo, anasema, mama, mutoto yako anaongeza!" Walianguka kwa kicheko. Kisuruali hakikuwapo. Kulikuwa na mfuko wa unga, na mfuko ule haukugusa mtoto yeyote kamwe. Nilijua. Niliuacha nje kwa sababu bila mfuko hadithi ilikuwa tamu zaidi.

Kabla ya jioni hadithi ilikuwa imefika barabara ya Puta. Na ilipofika haikuwa ya kuchekesha tena. Watoto wanapungua, nyoka anaongezeka, mizani ni moja, kisuruali ni kimoja. Kilo za watoto zinahamia kwa nyoka. Jumatano iliyofuata Mama Kilo alitundika mizani, akasimama hapo na kitenge chake cha kijani mpaka saa sita. Hakuja mtu. Niliketi kwenye benchi nikitazama kisuruali kitupu kinazungushwa na upepo, na sikufungua mdomo, mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa kazi.

Mama Kilo mwenyewe alikwenda kwa Nampundu. Nampundu alimwona kwa mbali, akaingiza watoto ndani, akafunga mlango. Alikwenda tena kesho yake, akaongea na mlango. Wiki ya pili watu waliacha kumsalimia. Wiki ya tatu nilimwambia amwachilie huyo nyoka, yaishe.

"Nikimuachilia sasa anakufa, hayafika bado kilo tano," alijibu. "Na hata nikimuachilia, Nampundu atasema nimemuficha. Shida si nyoka tena. Shida ni mimi."

Jumatano ya nne alibeba mizani na kisuruali na daftari lake mpaka kwa mke wa mchungaji, akavikabidhi. Alisema hatapima tena, na kwamba kitu kimoja tu anamwomba: aende leo leo kwa Nampundu, ampime yule wa kike. Mke wa mchungaji alikwenda. Yeye alifunguliwa mlango. Mtoto alipelekwa hospitali siku ile ile, akalazwa wiki tatu, akapona. Walisema angechelewa kidogo tu wasingemkuta. Mama Kilo alipoletewa habari alikuwa anaosha bakuli la nyoka. Alisema "Natotela, Lesa," yaani asante, Mungu, akaendelea kuosha.

Mama Kilo alimtunza nyoka mpaka alipotimiza zile kilo tano. Kisha akampeleka kwenye miamba na vichaka vya kaskazini, ndani ya beseni lililofungwa kitambaa, juu ya kanta, lori dogo la abiria na mizigo, iliyojaa magunia ya mihogo, na abiria wote wakiamini amebeba bata. Alinisimulia kwamba alipomfungulia, nyoka alikaa muda akitoa ulimi, halafu akaingia kwenye nyasi bila haraka. Mama Kilo hakurudi Kashikishi zaidi ya kuja kuchukua vyombo vyake. Alihamia Chienge, huko huko kaskazini, kwa binti wa kaka yake.

Mwaka huu nilikwenda Chienge kutafuta dagaa, na nilipouliza nikaonyeshwa. Amekuwa mdogo. Alikuwa ameketi barazani akimenya karanga, ziwa likiwa jeupe mbele yake, mchana umetulia kana kwamba mtu ameufunika. Alinifurahia sana. Tuliongea habari za watu, nani ameoa, nani amevuka. Katikati ya maongezi kitoto cha jirani, kinachojifunza kutembea, kikaja mpaka barazani, kikajikwaa, kikaanguka miguuni pake. Mama Kilo hakukiinua. Alificha mikono yake miwili chini ya kitenge, akageuza uso, akaita kwa nguvu, "Muje, muje mumuchukue!" Binti wa kaka yake akatoka mbio, akakiokota.

"Nimejizoeza," aliniambia, bila kunitazama. "Habapende nibaguse."

Basi nilisema. Nilisema palepale, karanga zikiwa mkononi. "Ba mayo, ile maneno ya nyoka na kisuruali, ni mimi njo nilisemaka. Kule ku michanga. Mufuko ya unga niliiacha, ili bacheke."

Alimenya karanga moja, akaitia kwenye bakuli. Akamenya nyingine. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane.

"Kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza mwishowe. Sauti yake ilikuwa na hasira, na sijawahi kuisikia hivyo. "Mimi najua sikuroga mutu. Mwenye hajui ni Nampundu. Njo yeye wa kuambia."

"Nitamwambia."

"Bon. Na usimuambie ulikuwa unacheka. Umuambie tu."

Sikununua dagaa. Nilirudi siku ile ile, na asubuhi nilikuwa nimesimama uani kwa Nampundu nikibisha hodi. Alitoka na povu la sabuni mikononi. Nilimwambia yote kwa kusimama: mfuko wa unga, ndoano, kisuruali ambacho nyoka hakukigusa, mchanga, kicheko. Nilisahau nikataja kicheko. Nilimwambia kwamba yule aliyemleta mke wa mchungaji mlangoni kwake siku ile alikuwa Mama Kilo.

Nampundu alinitazama mpaka povu likakauka. Nilidhani atanifukuza, na ningeenda.

"Kule Chienge," aliniuliza, "anakaa upande gani?"

Nilimwelekeza: ashuke sokoni, afuate ziwa, nyumba ya mwisho yenye baraza. Alirudia maelekezo yangu kwa sauti ndogo, mara mbili, asiyasahau. Kisha akawaita mapacha wote wawili kutoka nyuma ya nyumba, akamshika yule wa kike kidevu, akaanza kumwosha uso. Kanta ya Chienge ilikuwa bado haijaondoka.